Benchi la Kudumu, Stesheni ya Magurudumu au Mkokoteni wa Kazi: Ipi Inafaa Karakana Ndogo ya Nairobi?

Chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10 kinaweza kuhifadhi shiti ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, ukiisimamisha ukutani. Kuipasua kwa urefu humo ndani kwenye msumeno wa meza ni habari nyingine. Shiti inahitaji futi 8 kabla ya kufika kwenye diski, futi 8 nyingine baada ya kupita, na wewe unahitaji futi mbili za kusimama. Jumla ni futi 18, na chumba kina 10. Ndiyo maana ukipita karakana ndogo za Kariobangi, Gikomba au kando ya Ngong Road, utaona ncha ya mbao ikichomoza mlangoni kabla hujamwona fundi mwenyewe. Mlango ni sehemu ya mashine.

Naanza na mlango kwa sababu mafundi wengi wanaoniuliza kuhusu stesheni ya kuhamishika, yaani meza ya kazi yenye msumeno unayoweza kuisogeza, huanza na mashine. Wananitumia picha ya meza nzuri ya mzungu fulani ndani ya gereji ya gari mbili, sakafu imesawazishwa kama kioo, kisha wanataka niwaundie ile ile kwenye plot ya Kayole. Haitakubali. Kabla hujachagua kitu, pima vitu viwili: upana wa mlango na hali ya sakafu. Hivyo viwili ndivyo vitakavyokuamulia mengi kati ya haya nitakayoyalinganisha.

Benchi la kudumu ukutani

Nimefanya kazi juu ya benchi la kudumu kwa miaka mingi na sitalisema vibaya. Kwa kazi ya mkono hakuna linalolifikia. Ukisukuma randa kwenye ubao wa mahogani, nguvu yote ya mabega yako inaingia kwenye benchi, na benchi lililofungwa kwenye nguzo halijibu kitu. Ukichimba tundu la kiungo kwa patasi, sikiliza sauti ya nyundo: kwenye benchi zito inatoka fupi na nzito, tu, tu, tu, na kila pigo linakula mbao. Kwenye meza nyepesi sauti inarukaruka, na nusu ya nguvu yako inapotelea kwenye miguu ya meza.

Kwa hiyo kama kazi yako kubwa ni viti, vitanda vya viungo, milango ya mbao ngumu na kuchonga, tafuta mbao nene ya mkaratusi uliokauka vizuri, ifunge kwenye nguzo za nyumba, weka jiriwa upande wa mkono wako, na hapo umemaliza.

Shida inaanza siku unapopata oda ya kabati za jikoni. Kabati ni shiti, na shiti zinataka nafasi pande zote. Benchi la ukutani linakupa upande mmoja tu. Utajikuta unageuza shiti kama mtu anayepindisha kitanda kwenye ngazi ya ghorofa, unagonga taa, unakwaruza uso wa MDF, ile shiti ya unga wa mbao uliobanwa kwa gundi, ambayo mteja ameshailipia. Isitoshe, karakana nyingi za Nairobi ni za kupanga. Mwenye plot akitaka chumba chake, benchi lililojengwa kwenye nguzo utaliacha au utalikata.

Stesheni ya magurudumu manne

Hii ndiyo wengi wanaiita stesheni: fremu ya bomba la mraba au ya mbao, msumeno wa meza umezamishwa katikati au upande mmoja, uso wa plaiwudi wa kupokelea mbao nyuma ya diski, droo au rafu chini, na kasta nne, yaani yale magurudumu madogo kama ya mikokoteni ya supamaketi lakini imara zaidi. Faida yake kubwa ni kwamba unaielekeza kazi mlangoni. Asubuhi unaisogeza hadi diski itazamane na mlango, mbao ndefu inatoka nje huku wewe ukiwa ndani kivulini. Jioni unaisukuma kwenye kona, na chumba kinabaki na nafasi ya kuunganisha kabati.

Sasa upime ule mlango. Mlango wa kawaida wa mabati una futi 3 hivi, na shiti ina upana wa futi 4. Shiti nzima iliyolala mezani haiwezi kutoka hapo. Nimeona watu wamejenga stesheni nzuri kabisa kisha wakagundua hili siku ya kwanza. Dawa ni moja kati ya mbili. Ama uwe na mlango wa mabawa mawili unaofunguka futi 5 au zaidi, ama ukubali kwamba shiti nzima itapasuliwa kwanza nje kwa msumeno wa mviringo wa mkono, juu ya stendi mbili, na vipande vyembamba ndivyo vije mezani. Mimi nafanya hivi vya pili. Si aibu. Hata mwenye karakana kubwa huogopa kuisukuma shiti nzima peke yake.

Jambo la kasta linahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo pesa hupotea na ndipo watu huumia.

Kwanza uzito. Watu huchukua uzito wa stesheni na kuugawa kwa nne. Gawa kwa tatu. Sakafu ya simiti ya mkono, iliyopigwa na fundi wa haraka, ina mabonde na vilima. Mara nyingi gurudumu moja linaning'inia hewani na matatu ndiyo yanabeba. Stesheni yenye msumeno, meza na vifaa kwenye rafu ikifika kilo 120, kila kasta iwe imeandikwa inabeba kilo 40 au zaidi, na mimi ningechukua za 60 ili ikiruka jiwe isivunjike shingo.

Pili ukubwa. Kasta za inchi 2 hukwama kwenye kila skrubu iliyoanguka. Chukua za inchi 4. Lakini kumbuka kasta ya inchi 4, pamoja na bamba lake la juu, hukaribia sentimita 13 za kimo. Ukitaka meza ya kimo cha sentimita 88, na uso wa plaiwudi ni milimita 18, basi fremu yako iwe na kimo cha sentimita 73 hivi. Kijana mmoja jirani yangu alikata miguu kwa kipimo kamili cha meza, kisha akafunga magurudumu chini yake. Meza ikamfika karibu na kifua, ikabidi aikate fremu upya.

Tatu, na hili nisikilize vizuri, breki. Kuna kasta ambayo breki yake inazuia gurudumu lisiviringike, lakini shingo bado inazunguka. Kuna nyingine inayofunga vyote viwili kwa kikanyagio kimoja. Kwa macho zinafanana. Dukani kanyaga breki, shika gurudumu kwa mkono, jaribu kulizungusha kulia na kushoto. Likizunguka, lirudishe kwenye rafu.

Mimi nilijifunza kwa njia mbaya. Stesheni yangu ya kwanza ilikuwa na zile za breki nusu. Nilikuwa napasua ubao wa saiprasi wa futi 6, ubao wenye mafundo, na mkono wangu wa kulia ukisukuma nyuma. Meza ikajigeuza kidogo sana, upana wa kidole. Ubao ukapinda dhidi ya fensi, ile reli ya kuongozea ubao, ukabana nyuma ya diski, na diski ikaunyakua na kuurusha. Ulipita ubavuni mwangu, ukagonga mabati ya ukuta nyuma yangu na kuacha tundu lenye umbo la pembe ya ubao. Nilikuwa nimesimama kando ya mstari wa diski kwa sababu mwalimu wangu alinizoesha hivyo tangu siku ya kwanza. Kama ningesimama nyuma yake sawasawa, nisingekuwa naandika haya. Siku hiyo nilizima stima, nikaketi kwenye gogo nje mpaka mikono ikaacha kutetemeka.

Tangu hapo sitegemei breki kubeba kazi. Kwenye kila mguu wa fremu fundi wa kuchomelea alinishonea nati ya M12, na ndani yake kuna bolti ndefu inayoshuka hadi sakafuni na kipande cha chuma bapa chini yake. Nikishaiweka stesheni mahali, nazungusha bolti kwa spana ya 19 mpaka kasta ziache sakafu, naweka pima maji juu ya meza, narekebisha mguu ulio chini. Inachukua dakika tatu. Baada ya hapo stesheni inasimama kwa miguu yake, na sakafu mbovu haina neno tena.

Na hata ikiwa thabiti namna gani, usiiondoe ile sahani ya chuma iliyo nyuma ya diski inayozuia mbao isibane. Mafundi wengi huing'oa wiki ya kwanza kwa kuwa inawachelewesha. Iache pale.

Mkokoteni wa kazi

Huu ndio mtindo ninaoupenda kuliko watu wengi wanavyoupenda, na naona haupewi heshima yake. Ni stesheni yenye miguu minne ya kawaida, lakini upande mmoja una magurudumu mawili makubwa, ya inchi 8 au hata ya toroli la ujenzi, na upande wa pili una mikono miwili ya kushika. Magurudumu yanafungwa kwa nje ya miguu, milimita 3 hadi 5 juu ya ardhi. Meza ikisimama, inakaa kwa miguu yake na magurudumu hayagusi chini. Ukiinua mikono, meza inainama, magurudumu yanakanyaga, unaenda nayo.

Ukilinganisha na kasta nne, tofauti kubwa ni ardhi. Kasta ya inchi 4 kwenye maramu ni kama kiatu cha kisigino kwenye tope. Gurudumu la inchi 8 linapanda kizingiti, linavuka mtaro mdogo, linapita kwenye changarawe. Kama wewe ni fundi unayetoa kazi nje asubuhi mbele ya duka na kuifungia ndani usiku kwa kufuli mbili, jinsi wafanyavyo wengi wa kando ya barabara, mtindo huu unakufaa kuliko ule wa picha za intaneti. Na hakuna breki ya kukudanganya: ukiuachia mikono umesimama kwa miguu, basi.

Udhaifu wake upo. Lazima uwe na nguvu ya kuinua. Meza ya kilo 80 yenye uzito uliosambaa sawa itakutaka uinue karibu kilo 40 kila mara, na mgongo utakudai ukifika miaka 45. Punguza kwa kuweka msumeno na droo za vyuma upande wa magurudumu, na kurefusha mikono. Udhaifu wa pili ni kwamba hauendi ubavu. Kasta nne zinakuruhusu kuisogeza stesheni kando inchi mbili ili upite; mkokoteni unaenda mbele na nyuma tu, na kuugeuza ndani ya futi 10 ni kazi. Udhaifu wa tatu ni mvua. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, kazi ya nje inasimama ghafla, na ukichelewa dakika tano uso wa chuma wa msumeno unapata kutu usiku huo huo. Mimi hupaka nta ya mshumaa usoni mwa meza ya msumeno kila Jumamosi. Mbao inateleza vizuri na maji hayashiki haraka.

Meza ya kupindua na ya kukunja

Meza ya kupindua ina uso unaozunguka kwenye mhimili katikati: juu msumeno wa kukata pembe, chini mashine ya randa, na ukihitaji ya pili unaupindua. Ni wazo zuri kwa mwenye mashine mbili nzito na nafasi ya moja. Lakini randa ya umeme ya inchi 12 au 13 huwa na kilo 30 hivi au zaidi, kwa hiyo mhimili uwe nondo nene ya milimita 25 iliyopita ndani ya bomba kwa urefu wake wote, na vifungio vinne vya pembe, si viwili. Tena kila unapopindua, unga wa mbao uliojificha ndani ya mashine unakumwagikia miguuni. Kama huna mashine ya randa ya umeme, na wengi wetu hupeleka mbao zikapigwe randa kwa mwenye mashine kubwa Gikomba, huihitaji hii.

Ya kukunja ukutani kwa bawaba inapendeza kwenye chumba cha mawe. Ukuta wa mabati haubebi meza. Bawaba lazima zishike nguzo, na nguzo za vibanda vyetu hazikupangwa kwa ajili hiyo.

Na usidharau stendi mbili za mbao na kipande cha plaiwudi juu yake. Kwa anayeanza na msumeno wa mviringo, drili na klampu nne, hiyo ni karakana kamili. Anza hapo, ufanye kazi miezi mitatu, uone mwili wako unapenda kusimama wapi.

Stima na vumbi, ambavyo havichagui mtindo

Stesheni inayohama ina waya unaohama. Soketi yetu ya kawaida ni ya ampea 13, na kwa volti 240 hiyo ni wati 3,120 tu. Msumeno wa wati 1,800 na mashine ya kufyonza vumbi ya wati 1,200 vikiwaka pamoja kwenye soketi moja, umefika 3,000, na msumeno unapowashwa huvuta zaidi kwa muda mfupi. Gawa kwenye soketi mbili. Waya wa kuongezea unaoviringishwa kwenye gurudumu lake ufungue wote kabla ya kuwasha, hata kama unahitaji mita tatu tu. Ukiacha umejiviringisha, joto halina pa kutokea, na plastiki huyeyuka. Kwenye benchi la kudumu unavuta nyaya ukutani mara moja na kusahau. Kwenye stesheni ya magurudumu ning'iniza waya kutoka juu, katikati ya paa, ili kasta zisiukanyage. Kwenye mkokoteni wa nje waya utapita chini mlangoni, ambapo kila mteja atauruka. Upitishe pembeni kwenye fremu ya mlango na uufunge.

Kuhusu vumbi nasema kwa uchungu kwa sababu nimewazika wazee wa kazi hii waliokuwa wakikohoa miaka. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu yake. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakizuii unga laini wa MDF. Tafuta barakoa ya N95. Hapa mkokoteni unashinda wazi, kwa kuwa upepo wa nje unafanya kazi ambayo chumba cha mabati chenye dirisha moja hakiwezi. Stesheni ya ndani inafuata, mradi diski inatazama mlango na uwe na gunia au mashine ya kufyonza chini yake. Benchi la kudumu kwenye kona ya nyuma ndilo baya kuliko yote kwa kukatia MDF. Kwa randa ya mkono halina shida. Maganda ya randa hayaelei.

Mimi ningekuchagulia nini

Kama sakafu yako ni simiti, mlango una mabawa mawili na kazi yako ni kabati na wodrobu, jenga stesheni ya kasta nne zenye bolti za kuinulia. Usinunue kasta za bei rahisi ukabakiza pesa za rangi. Hakikisha meza ya kupokelea iko chini ya uso wa msumeno kwa milimita 2, kwani ikizidi juu hata kidogo ubao utajigonga ukiwa katikati ya diski.

Kama mbele yako ni maramu na unafanyia kazi nje, mkokoteni. Kama unachonga na kuunga kwa mkono, benchi la kudumu, na stendi mbili nyuma ya mlango kwa siku ya shiti. Ukiwa na kazi za aina zote mbili, za mkono na za shiti, kama mimi sasa, weka benchi fupi la futi 4 kwenye nguzo ya nyuma kwa ajili ya patasi na randa, na stesheni ya magurudumu katikati. Zote ziwe za kimo kimoja, ili ubao mrefu ukitoka kwenye msumeno uweze kulala juu ya benchi.

Kabla ya kwenda kwa fundi wa vyuma, fagia sakafu, chukua chaki, na uchore stesheni kwa ukubwa wake halisi, futi 3 kwa 4 au utakavyo. Weka katoni mahali pa msumeno. Kisha chukua ubao mrefu kuliko wote ulionao, mwite msaidizi ashike ncha ya pili, na mtembee nao kama mnaupasua, kutoka ukuta wa nyuma, juu ya katoni, hadi mlangoni. Angalia kiwiko chako kinagonga wapi. Angalia msaidizi anakanyaga nini anapotoka nje kinyumenyume. Mimi nilifuta na kuchora mara nne, na mchoro wa nne uligeuza msumeno wangu kulia kwenda kushoto, kwa sababu ya mtungi wa maji wa jirani.